Aliyelala Shetrini

Kama uliishi Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990, mihadhara ya dini unaikumbuka. Kiwanja cha wazi, vipaza sauti vimefungwa juu ya mti, mezani Biblia na Msahafu, na umati umesimama tangu alasiri. Mhadhiri wa Kiislamu anamwambia msomaji wake afungue Marko, sura ya 13, mstari wa 32. Msomaji anasoma polepole ili pasiwe na neno litakalopotea: saa ile malaika hawaijui, Mwana naye haijui, anayeijua ni Baba peke yake. Mhadhiri anageukia umati: sasa huyo ni Mungu gani asiyejua saa? Takbir zinapanda. Wakristo waliosimama pembeni nao wana vikaratasi vyao, wanapaza sauti: soma Yohana 1! Soma Yohana 20, Tomaso alimwitaje? Jua likizama, kila upande unarudi nyumbani umeshinda.

Leo sikuja kutaja mshindi. Waislamu wana imani yao juu ya Nabii Isa bin Mariamu, imani inayomheshimu sana yeye na mama yake, na inayokataa kabisa kwamba yeye ni Mungu. Hitilafu hiyo ni ya kweli na haimalizwi kwa kipaza sauti. Jambo ninalotaka tulizungumze ni lile la Wakristo kuingiwa na baridi mstari ule uliposomwa. Walikuwa kama watu ambao siri ya ukoo wao imeanikwa hadharani. Njaa ya Yesu, uchovu wake, machozi yake kwa Lazaro, hofu yake Gethsemane, yote hayo waliyahesabu kuwa silaha za upande wa pili, wakawa wanatafuta mistari ya kuyafunika. Ilikuwa nadra kumsikia mtu akijibu: ndiyo, alikuwa na njaa, alichoka, aliogopa, na hivyo ndivyo sisi tunavyokiri. Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, inataja kwamba Masihi na mama yake walikuwa wakila chakula, na inalitaja hilo kama hoja ya ubinadamu wao. Mkristo anayeijua imani yake anaiitikia hoja hiyo kwa sauti kubwa. Ugomvi unaanza baada ya hapo.

Turudi kwa Marko huyo huyo, sura ya 4. Ni jioni, bahari ya Galilaya, na mashua imepigwa na dhoruba. Mathayo na Luka nao wanasimulia kisa hiki, lakini Marko peke yake ndiye anayetaja kitu kimoja kidogo: mto wa kulalia. Yesu yuko shetrini, nyuma kabisa ya chombo, kichwa kiko juu ya mto, mawimbi yanamwagika ndani, na yeye hana habari. Mtu anayeweza kulala chombo kikijaa maji amechoka kuliko kawaida. Wanamwamsha. Anainuka, anaukemea upepo, na bahari inatulia shwari.

Sasa, nani alilala na nani alikemea? Ukisema mwanadamu alilala na Mungu akakemea, umewapakia wawili katika mashua moja. Ukisema aliyekuwemo ni Mungu tu, basi usingizi ule ulikuwa maigizo na ule mto ulikuwa pambo. Ukisema ni mtu tu aliyekopeshwa nguvu, umetoka nje ya imani ya Kanisa. Majibu yote matatu yalipata wafuasi, na kwa ajili yake maaskofu walifukuzana, miji ikafanya ghasia na damu ikamwagika.

Wengi hudhani kosa la kwanza kabisa lilikuwa kumshusha Yesu awe mtu wa kawaida. Ukisoma maandishi ya mwanzo utaona kosa la kumpandisha mno lilikuwapo mapema sana. Waraka wa kwanza wa Yohana unawakemea watu waliokataa kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili. Mwanzoni mwa karne ya 2, Ignasi, askofu wa Antiokia, alipelekwa Roma chini ya ulinzi ili atupiwe wanyama, na njiani aliandika barua saba. Barua hizo zinarudia jambo hili mpaka unachoka: alizaliwa kweli, alikula kweli, alikunywa kweli, aliteswa kweli. Kulikuwa na watu waliohubiri kwamba mwili wa Yesu ulikuwa wa kuonekana tu, kwa kuwa haiwezekani Mungu atoke jasho. Ignasi akawauliza, ikiwa mateso yake yalikuwa ya kuonekana tu, mimi hizi pingu nimezivalia nini?

Mkutano mkuu wa maaskofu, yaani mtaguso, uliofanyika Nikea mwaka 325 nitaupita haraka. Mwaka 2025 makanisa yaliadhimisha miaka 1700 ya mtaguso ule, na yamesemwa mengi. Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, wa kwanza na bora kuliko vyote, lakini kiumbe. Maaskofu walikataa, wakasema Mwana ni wa asili moja na Baba. Ilichukua zaidi ya nusu karne jambo hilo kutulia.

Kilichofuata ndicho chenye utamu. Apolinari, askofu wa Laodikia ya Siria, alikuwa mtetezi hodari wa Nikea. Aliwaza hivi: akili ya mwanadamu huyumba, hutia shaka, hutamani maovu. Kristo hawezi kuwa na kitu cha namna hiyo ndani yake. Basi mwili wake ni wa kibinadamu, ila mahali pa akili amekaa Neno wa Mungu mwenyewe. Angalia jinsi jibu hilo lilivyo safi. Nina hakika ukisimama mlangoni mwa kanisa lolote Jumapili ukawauliza watu wanaotoka, wengi watakupa jibu la Apolinari wakidhani ni la katekisimu: nje mtu, ndani Mungu. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ulilikataa. Gregori wa Nazianzi ndiye aliyelivunja kwa hoja ambayo sijaona iliyoipita: Kristo huponya kile alichokitwaa. Kama hakutwaa akili, basi akili yetu imebaki na ugonjwa wake, nayo ndiyo iliyoanza kuanguka pale Edeni.

Msikilizaji, shika hapo. Mabishano haya husimuliwa kana kwamba yalikuwa mafumbo ya Wagiriki waliokosa kazi. Lakini chini ya kila pambano kulikuwa na swali ambalo hata mama anayeuguza mtoto analiuliza: huyu anayesemwa ametuokoa, ametufikia mpaka wapi?

Mwaka 428 Nestori aliletwa kutoka Antiokia awe askofu mkuu wa Konstantinopoli. Alikuwa mhubiri mzuri asiyejua wakati wa kunyamaza. Alikuta watu wanamwita Bikira Maria Mama wa Mungu, jina hilo likamkera. Mungu hana mama, alisema. Maria alimzaa Kristo, aitwe Mama wa Kristo. Nia yake nadhani ilikuwa njema, alitaka ubinadamu wa Yesu usimezwe. Lakini waumini waliozoea kumwita hivyo katika sala walihisi jambo ambalo yeye na usomi wake hakulihisi: mtoto wa Maria akitenganishwa na Mwana wa Mungu, tunabaki na wawili waliopanga nyumba moja.

Sirili, askofu mkuu wa Aleksandria, akaingia vitani. Mtaguso wa Efeso ulifunguliwa tarehe 22 Juni 431, maaskofu wa upande wa Antiokia wakiwa bado njiani, Sirili mwenyewe akiwa mwenyekiti, na siku hiyo hiyo Nestori akavuliwa uaskofu. Waliokuwa njiani walipofika wakafanya kikao chao na wakamvua Sirili. Kaizari akawaweka wote wawili kizuizini. Sirili alitoka. Ipo orodha iliyohifadhiwa mpaka leo ya zawadi zilizotoka Aleksandria kwenda kwa wakubwa wa ikulu: mazulia, viti vya pembe za ndovu, dhahabu kwa ratili. Ninamheshimu Sirili kama mwalimu wa Kanisa, na mafundisho yake kwamba Kristo ni mmoja sioni pa kuyapunguza. Hongo nayo ni hongo. Nestori alimalizia maisha yake uhamishoni katika jangwa la Misri. Kitabu chake cha kujitetea kilichapishwa mwaka 1910, na wasomi wengi waliokisoma wanaona kwamba hakufundisha kila alichoshtakiwa nacho.

Kisha akaja mzee Eutike, mkuu wa monasteri mjini Konstantinopoli, mfuasi wa Sirili kuliko Sirili mwenyewe. Novemba 448 aliwekwa mbele ya askofu mkuu Flaviano akaulizwa: baada ya Neno kufanyika mwili, unakiri asili mbili? Akajibu kwamba kabla ya muungano zilikuwa mbili, baada ya muungano anakiri moja. Sasa ile ya kibinadamu ilikwenda wapi? Theodoreto, askofu wa Kiro, alikuwa ameandika kitabu cha majibizano muda mfupi kabla ya hapo, na humo mtu wa msimamo kama huo anatoa mfano wa tone la asali lililoangushwa baharini. Enyi wa Lamu na Bagamoyo, fikirini. Tone limo, halikuibwa na mtu, lakini nani ataonja utamu wake? Hivyo ndivyo ubinadamu wa Yesu unavyotoweka mikononi mwa watu wanaompenda sana.

Mwaka 449 Dioskoro, aliyemrithi Sirili kule Aleksandria, alipata kibali cha Kaizari Theodosi wa Pili kuongoza mtaguso mwingine Efeso. Leo, Papa wa Roma, alikuwa amempelekea Flaviano waraka mrefu juu ya asili mbili. Dioskoro hakuruhusu usomwe. Askari na wamonaki wakaingia kanisani. Baadhi ya maaskofu walilalamika baadaye kwamba walilazimishwa kutia sahihi kwenye karatasi tupu. Flaviano alivuliwa cheo, akatendewa kwa ukatili, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Papa Leo aliuita mkutano ule unyang'anyi, na jina hilo halijatoka.

Julai ya mwaka 450 Theodosi alianguka kutoka juu ya farasi akafa. Dada yake Pulkeria, mwanamke aliyekuwa na nadhiri ya ubikira tangu usichana, akakubali kuolewa na afisa wa jeshi aitwaye Marsiano kwa sharti kwamba nadhiri yake iheshimiwe, na Marsiano akawa kaizari. Kwa anguko lile siasa za ikulu ziligeuka, na teolojia ikageuka nazo. Wapo watakaosema ni mkono wa Mungu. Wamisri hawakuuona.

Basi tarehe 8 Oktoba 451 maaskofu wakakutana Kalsedonia, katika kanisa la Mtakatifu Eufemia, ng'ambo ya maji kutoka Konstantinopoli. Siku hizi mahali hapo panaitwa Kadıköy, ni sehemu ya jiji la Istanbul, na watu huvuka kwa feri kila siku kwenda kazini. Hesabu ya jadi inasema maaskofu walizidi 500. Maofisa wa kaizari ndio walioendesha vikao, na kumbukumbu zake zimesalia, kwa hiyo tunajua hata nani alimpigia nani kelele. Theodoreto alipoingia, upande mmoja ukapaza sauti atupwe nje, upande wa pili ukajibu watupwe nje wauaji wa Flaviano, hadi maofisa wakalazimika kuwaambia maaskofu kwamba kelele za namna ile haziwafai watu wa cheo chao.

Katika kikao cha nne waliletwa mbele maaskofu 13 wa Misri. Askofu wao mkuu, Dioskoro, alikuwa amevuliwa siku chache kabla. Waliambiwa watie sahihi kwenye waraka wa Papa Leo. Wakajibu kwamba kwa desturi ya Misri askofu hafanyi lolote bila askofu mkuu wa Aleksandria, kwa hiyo wasubiriwe mpaka apatikane mpya. Ukumbi mzima ukawazomea: wazushi! Wazee wale wakajitupa sakafuni, wakalia, wakaomba wahurumiwe. Tukitia sahihi hapa, walisema, tukirudi kwetu tutauawa. Afadhali tufie hapa. Hawakuleta hoja ya falsafa hata moja. Walikuwa wanawajua watu wao. Maofisa wakaamuru waachwe wakae mjini hadi askofu mkuu mpya achaguliwe.

Wazee wale hawakutia chumvi. Proterio, aliyewekwa kiti cha Aleksandria kwa nguvu ya serikali, aliuawa na umati mwaka 457, mara tu habari za kifo cha Marsiano zilipofika.

Maaskofu wa Kalsedonia waliandika nini? Rasimu ya kwanza ilisema Kristo anatoka katika asili mbili. Wengi waliipenda. Wajumbe wa Roma wakatishia kufunga mizigo. Maofisa wakauliza swali la kuwabana: Dioskoro naye si anakubali maneno hayo hayo? Kinachobishaniwa ni kama ubinadamu bado upo baada ya muungano. Wachache wakaingia katika kikanisa cha Eufemia, wakatoka na maneno mapya, kwamba Kristo yu katika asili mbili, Nafsi moja, na kwamba asili hizo hazichanganyiki wala hazigeuki, hazigawanyiki wala hazitengani. Ni makatazo manne. Hawakueleza inavyowezekana. Wapo wanaoona hapo maaskofu walikwepa kazi. Mimi naona walijua mahali pa kukomea.

Lakini kwangu kiini cha andiko lile kiko kwingine. Nikea ilimwaga jasho ili kusema Mwana ni wa asili moja na Baba. Kalsedonia ikachukua usemi huo huo na kuugeuzia kwetu: ni wa asili moja na sisi pia, katika yote isipokuwa dhambi. Usemi uliokuwa ngome ya heshima ya Mungu, sasa unamhusu mama ntilie wa Kariakoo na kuli wa bandari ya Mombasa. Anayelala shetrini na anayekemea upepo ni mmoja. Amelala kwa ubinadamu alioutwaa kweli, amekemea kwa Uungu ambao hakuuacha. Na ule mstari wa saa? Askofu Athanasi wa Aleksandria alikwisha kuwajibu wafuasi wa Ario karne moja nyuma: kama Neno anaijua, kama mtu haijui, kwa kuwa kutojua ni sehemu ya kuwa mtu. Luka anasema mtoto Yesu alikua katika hekima. Anayekua katika hekima anajifunza.

Lakini mtaguso uliosema vizuri namna ile ulipelekwa kwa watu kwa upanga, na hapo ndipo ninapoulaumu. Misri na sehemu kubwa ya Siria zilikataa. Waarmenia hawakuhudhuria, maana mwaka huo huo wa 451 walikuwa wamepigana na Waajemi, nao baadaye wakakataa. Kwa masikio ya Wamisri, asili mbili ni Nestori aliyerudi kwa mlango wa nyuma. Hawakuwa upande wa Eutike, walimlaani naye. Walishika maneno ya Sirili kwamba Neno aliyefanyika mwili ana asili moja, na kwa maneno hayo walimaanisha asili moja ambamo Uungu na ubinadamu umo mzima.

Mgawanyiko huo ulipanda mto Nili. Karibu mwaka 543 Kaizari Justiniani alituma wamisionari wa Kalsedonia kwenda Nobadia, ufalme wa Wanubi. Mke wake Theodora, aliyekuwa upande wa pili, akatuma wake, na akamwandikia mkuu wa jimbo la kusini mwa Misri awacheleweshe wale wa mumewe. Wa Theodora wakafika kwanza. Kiongozi wao, padri mzee aitwaye Juliani, alisumbuliwa na joto kiasi kwamba tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi alikaa katika mapango yenye maji, amejifunga kitambaa tu kiunoni, akiwafundisha na kuwabatiza watu hapo hapo majini. Ethiopia nayo, iliyopata maaskofu wake wakuu kutoka Aleksandria hadi ilipopata patriaki wake mwaka 1959, ilishika upande huo huo, na ikabishana yenyewe kwa yenyewe hadi Mfalme Yohannes wa Nne alipoitisha mkutano wa Boru Meda mwaka 1878. Ndiyo kusema kwamba asili za Kristo zilijadiliwa katika bara hili karne nyingi kabla ya meli za wamisionari kutia nanga Mombasa.

Makaizari walijaribu kuunga kilichovunjika. Karne ya 7, Waarabu wakiwa wamekwisha kuingia Siria, Kaizari Herakli alitoa tangazo la suluhu mwaka 638: asili tuziache zilivyo, lakini tukiri kwamba Kristo ana utashi mmoja, wa Mungu. Nani angekataa? Alikataa mmonaki mmoja, Maksimo. Alifungua ukurasa wa Gethsemane. Pale bustanini yupo mtu ambaye hataki kufa, kikombe anataka kiondoke, na anatoka jasho. Kisha anasema mapenzi ya Baba yatimizwe. Kama hakuwa na utashi wa kibinadamu, sala ile ilikuwa ya kuigiza, na mwanadamu hajawahi kumwambia Mungu ndiyo kwa niaba yetu. Mwaka 662 Maksimo, mzee wa miaka kama 80, alikatwa ulimi asiseme na mkono wa kuume asiandike, akapelekwa mbali upande wa Bahari Nyeusi, akafa mwaka huo huo. Miaka 19 baadaye mtaguso mwingine wa Konstantinopoli ulifunga kikao kwa kutangaza mafundisho yake, bila kumtaja kwa jina.

Ninasimulia haya kwa sababu Yesu tunayehubiriwa siku hizi, redioni na kwenye viwanja vya mikutano, ni tone la asali baharini. Nguvu, miujiza, kufungua, kuvunja. Nenda msibani usikilize. Mfiwa anaambiwa asilie, kulia ni kukosa imani, na anayemwambia ni mtu aliyesoma kwamba Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake. Mgonjwa wa saratani anaambiwa hofu ni ya Shetani, hapo hapo kwenye Biblia yenye ukurasa wa Gethsemane. Charles Nyamiti, padri Mtanzania aliyefundisha teolojia Nairobi miaka mingi, aliandika kitabu mwaka 1984 juu ya Kristo kama mhenga wetu. Unaweza kubishana naye, na wengi wamebishana. Lakini alikuwa ameshika jambo: mhenga lazima awe ndugu. Na undugu wa Kristo nasi umesimama juu ya ubinadamu wake. Mchungaji anayeuona ubinadamu huo kama udhaifu wa kufichwa anakata undugu wenyewe, halafu anashangaa kwamba waumini wake wanatafuta msaada kwingine usiku.

Niseme na habari njema, maana zipo. Mei 1973 Papa Paulo wa Sita na Papa Shenouda wa Tatu wa Wakoptiki, yaani wa Kanisa la Misri lililoikataa Kalsedonia, walitia sahihi tamko la pamoja mjini Roma: Kristo ni Mungu mkamilifu na mtu mkamilifu, bila mchanganyiko wala utengano. Neno "asili mbili" halikutumika kama sharti, na kila upande uliitambua imani yake katika maneno ya mwenzake. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alifanya hivyo na Mar Dinkha wa Nne wa Kanisa la Mashariki, kanisa ambalo kwa karne nyingi liliitwa la Wanestori. Walikubaliana kwamba wale wanaosema Mama wa Mungu na wale wanaosema Mama wa Kristo wanakiri imani moja.

Pande mbili za Kalsedonia leo unaweza kuzikuta Nairobi. Mwaka 1976 Papa Shenouda alimweka Antonius Markos kuwa askofu wa mambo ya Afrika, na kazi yake ikaanzia Kenya. Hospitali ya Wakoptiki iko Barabara ya Ngong. Kilomita chache kutoka hapo, Riruta, iko seminari ya Waorthodoksi walio chini ya Patriaki wa Kigiriki wa Aleksandria, iliyoanzishwa kwa juhudi za Makarios wa Tatu, askofu mkuu na rais wa Kupro, kwa ajili ya kanisa lililoanzishwa na Waafrika wenyewe Kenya katika miaka ya 1930. Mapatriaki wa makanisa yote mawili wanasema wamerithi kiti cha Marko Mwinjili. Mwaka 2001 mapatriaki hao wawili wa Aleksandria walikubaliana kutambua ndoa za waumini wao, kwa hiyo kijana wa Riruta akimwoa binti Mkoptiki, ndoa yao ni halali pande zote mbili. Komunyo bado kila mmoja anapokea kwao.